Karatasi Mliipata Tarehe Gani? Mazungumzo na wanafunzi wa sheria, Lubumbashi

Asante, asante sana, kaeni. Wale wamesimama mlangoni waingie, huku mbele viti viko. Wadogo zangu, kama unaogopa kiti cha mbele leo, kesho utasimama namna gani mbele ya zuzi, yaani hakimu?

Bo. Kwa programu wameandika nitasema juu ya kupanga maisha ya kazi. Nitasema. Lakini nitaanza na jambo moja nililolisema humu mwaka jana, nikalisema Likasi, nikalisema Kolwezi, na nitalirudilia mpaka lipenye: usingoje diplome. Wengi wenu mnafikiri kazi inaanza siku ya kolasio, ile ya kupokea diplome, na toga, na picha na wazazi. Haiko vile. Siku uliyoandikisha jina kwa fakilte ya sheria, majirani wote wa avenyi yenu walisikia, na tangu siku ile mama fulani ameisha kukuwekea karatasi chini ya godoro, anangoja urudi nyumbani wikendi umusomee. Kwa huyo mama wewe uko avoka tayari, yaani wakili. Hajui LMD, ile system mpya ya masomo, hajui kama uko mwaka wa kwanza ama wa tano.

Nyoosheni mikono. Nani ameisha kuingia tribinali, sisemi kumusindikiza mjomba ukabaki nje na simu, nasema kuingia, kukaa, kusikiliza audiansi, kikao cha kesi, tangu inafunguliwa mpaka inafungwa? ... Kumi na moja. Ukumbi mzima huu, kumi na moja.

Najua mtasema nini, juu mwaka jana walisema vilevile, wakiniita Metre vile mnaitaka avoka: Metre, watatufukuza. Nani akufukuze? Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 20, audiansi ni za watu wote, isipokuwa ikionekana zitaharibu utulivu wa umma ama mwenendo mwema. Kifungu cha 21, kila hukumu iandikwe, ielezwe sababu zake, isomwe mbele ya watu. Mmevikariri hivi vifungu, mmevifanyia ekzame, mmepata pointi, kiisha mnaogopa polisi wa mlangoni! Vaa shati safi, zima simu, ingia, kaa. Mwingine atasema hana makuta ya taksi. Nakubali, maisha ni magumu, na mimi nilitembeaka kwa miguu. Nenda mara moja kwa wiki. Mara moja tu.

Kwa nini nakazania hivi? Acheni niwaeleze, na wale walioisha kuisikia hii habari wanivumilie.

Nilikuwa lisansi ya kwanza, system ya zamani, ile ya gradua miaka 3 na lisansi miaka 2. Nilikuwa na distinksio. Shangazi yangu alikuwa mjane, anakaa Katuba, kwa parseli aliyoachiwa na bwana yake. Mkononi alikuwa na kile kitabu cha lojeri tu, cha kuonyesha anakaa pale, si cheti cha umiliki, vile mnajua, nusu ya Katuba na Kenya walikuwa navyo hivyo tu. Shemeji yake akaiuza parseli pembeni, mnunuzi akakimbia haraka akatengeneza sertifika ya anrejistrema, cheti cha haki juu ya ardhi, akamushitaki shangazi kwa TGI, tribinali de grande instansi, atoke. Shangazi akashindwa. Wisie, mjumbe wa tribinali, akaleta hukumu nyumbani, shangazi akaweka kidole, akaiingiza karatasi ndani ya Biblia, akangoja mtoto wake wa sheria.

Nilifika siku ya Posho, Jumamosi, jioni, umeme ulikuwa umekatika, nikaisoma kwa mshumaa mara tatu. Na niliona makosa yake! Sheria ya udongo ya 20 Julai 1973, kifungu cha 219, haki juu ya ardhi inahakikishwa na sertifika, sawa, hapo mnunuzi alikuwa na nguvu. Lakini kifungu cha 227 kinafanya sertifika isiweze kushambuliwa tena miaka 2 ikiisha kupita, na yake haikuwa imetimiza ata mwaka mmoja! Mlango ulikuwa wazi. Nikamuambia shangazi, usilie, hii tutaipindua.

Nikarudi campusi. Nikaingia bibliotheki. Nikaandika, wadogo zangu, nikaandika kurasa 14, na doktrini, na jurisprudensi, nikaomba rafiki mmoja anipigie kwa mashini, nikarekebisha, nikapiga tena. Kukakuwa enteroga moja, mtihani mdogo, katikati, nikasema niimalize kwanza. Kiisha nikamuchukua shangazi tukaenda kwa avoka mmoja mzee hapa mjini, alikubali kutupokea bule, na mimi nimeshika zile kurasa vile mtu anashikaka mtoto mchanga.

Yule mzee hakuzifungua. Alinyoosha mkono akaomba karatasi ya wisie, akaigeuza nyuma, akauliza: "Mliipata tarehe gani?"

Nilinyamaza. Shangazi njo alijibu, alikumbuka juu ilikuwa siku ya kutoa kilio kwa jirani. Mzee akachukua kalenda ya ukutani akahesabu na kalamu, siku kwa siku, mbele yetu. Ilikuwa siku ya 37.

Apeli ya sivili, yaani rufani ya kesi ya madai, ni siku 30 tangu sinifikasio, tangu wisie kukukabidhi hukumu. Zilikuwa zimepita. Na sikieni vizuri kinachoniuma: apeli haihitaji kurasa 14. Apeli ni tamko kwa grefie, karani, wa kuru ya apeli, jina lako, hukumu gani, hukubaliani nayo, basi. Hoja zinakuja nyuma. Ile siku ya Posho ningalimuambia shangazi tuende siku ya kwanza, Jumatatu, asubuhi, tungalikuwa ndani ya muda.

Na msiseme eti hawakunifundisha. Walinifundisha! Prosedire sivili nilipata 16 kwa 20, na swali la muda wa apeli lilikuwamo, nilijibu vizuri. Nilizijua zile siku 30. Zilikuwa kwa kaye yangu ya masomo, hazikuwa mikononi mwangu. Mtu aliyekaa kwa audiansi mwaka mzima, akaona dosie kumi zinaanguka juu ya tarehe tu, mazuzi hawajagusa ata kidogo nani yuko na haki, huyo ukimupa karatasi ya wisie macho yanakwenda kwa tarehe mbele ya yote. Hafikirii. Ni kama mama anayepika bukari, hapimi unga, mkono unajua.

Shangazi alitoka mle. Alienda kukaa kwa binti yake Ruashi, chumba kimoja, na mashini yake ya kushona. Hakunilaumu ata siku moja mpaka alipokufa. Aliambiaka watu kwamba mtoto wake alijitahidi sana. Hii njo sababu nakuja hapa kila mwaka, sina ingine.

Basi mkienda mfanye nini. Usikae tu kutazama mavazi ya mazuzi. Nunua kaye ndogo. Chagua dosie moja, moja tu, si kumi. Andika nani anashitaki nani, ya nini, iliingia lini. Zuzi akiirudisha wiki mbili, andika sababu: upande mwingine haukupata asinyasio ya kuitwa tribinali, avoka ameomba kusoma pyesi, zile karatasi za kesi, siejo haikutimia, mazuzi hawakutosha. Rudi ile siku iliyotajwa. Ukiifuata miezi sita utajua vitu ambavyo hakuna polikope itakuambia, utajua dosie inafia wapi. Kiisha baada ya audiansi enda kwa grefe, salimia kwa heshima, "Papa grefie, jambo, niko mwanafunzi, ninaomba kuelewa neno moja." Uliza neno moja, shukuru, toka. Nakuhakikishia wiki ya nne atakuita mwenyewe. Magrefie wanajua prosedire kuliko wengi wetu tunaovaa toga, na hakuna mwanafunzi anawasalimiaka.

Kuna mmoja hapa mwaka jana alisimama akasema, Metre, unaongea juu ya audiansi, lakini bila pisto, mtu mkubwa wa kukusukuma, hakuna kazi, mtoto wa jenerali atapita mbele yangu. Sitawadanganya, pisto iko. Lakini niangalieni: kabine zote za maavoka za mji huu zinatafutaka mtu wa kuaminia dosie, mtu ambaye avoka akisafiri Kinshasa halali usiku akifikiri tarehe. Mtoto wa jenerali atapata kiti, sawa. Dosie atapewa yule anayejua kuhesabu siku. Na wale magrefie na maavoka uliowasalimia miaka minne, hao njo pisto yako, umeijenga kwa miguu yako.

Hapo tunaingia kwa staji, mazoezi ya kazi. Kwa barro, chama cha maavoka, ni miaka 2, kwa ile ordonansi-lwa 79-028 ya 28 Septemba 1979, na mara nyingi stajieri hana mshahara, anapewa transport, siku ingine ata hiyo hakuna. Kila mwaka naona vijana wazuri, wenye akili kuliko mimi, wanaacha staji mwezi wa nane juu ya njaa. Hawakupanga! Walipanga toga, walipanga feti. Anza leo, mwaka wa pili, mwaka wa tatu, kujiuliza: ile miaka 2 nitakula wapi, nitalala kwa nani, nitapanda nini? Wengine wanaandikia watu maombi na mikataba midogo, wengine wanafundisha sekondari asubuhi mbili, wengine wako na alimentasio, duka ndogo, ya familia. Ongea na wazazi mapema, waambie wazi kwamba diplome haileti makuta siku ileile, juu mzazi anafikiri ameisha kumaliza, anakungoja ulipie wadogo, na wewe unaona haya kumuambia huna ata ya basi. Hiyo haya imeua kazi za watu wengi.

Na tena chagueni patro wa staji kwa macho yenu. Mkikaa kwa audiansi mtaona nani anakuja ametayarisha, nani anaomba remizi, kuahirisha, kila siku. Usiende kwa mwenye gari kubwa. Enda kwa yule stajieri wake anasimama anaongea.

Sasa, kila mtu humu anataka kuwa avoka wa penali, wa kesi za jinai, kupiga kelele, watu washangilie. Tuko mji gani? Tuko mji wa shaba! Kode ya mines, sheria ya madini, ni ya 11 Julai 2002, ikabadilishwa na sheria 18/001 ya 9 Machi 2018. Nani ameisoma yote? Mle ndani kampuni inapaswa kutia saini kaye de sharji, mkataba wa ahadi zake, na wenyeji, na inapaswa kutoa kwa uchache 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wale wenyeji. Ile rwayalti, malipo ya kampuni juu ya madini, 50% inaenda serikali kuu, 25% provensi, 15% kwa mji ama sheferi ambako mashimo yako, 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Haya, nani anamusomea mzee wa kijiji ile kaye de sharji? Imeandikwa Kifaransa, kurasa nyingi, na yeye anasikia Kiswahili, Kibemba, Kisanga. Anasaini juu wamemuambia shule inakuja. Yule anayeweza kukaa chini ya mti akamuelezea kifungu kwa kifungu kwa lugha yake, kiisha mchana akaingia biro ya kampuni akabishana kwa Kifaransa, huyo hatakosa kazi Katanga hii. Kuna na sheria ya sutretansi, kupewa kazi na kampuni kubwa, ya 8 Februari 2017, inawawekea wenye mtaji wa Wakongomani zile kazi za pembeni. Vijana wa biashara wanatafuta mtu wa kuwatengenezea statiti, karatasi za kuanzisha kampuni, wanakuja kwangu wananiuliza kama sina mwanafunzi mzuri. Na mimi sina wa kumutuma.

Naona aparitere ananionyesha saa. Dakika tano, papa, nakuomba.

OHADA, ile sheria ya biashara ya pamoja ya nchi nyingi za Afrika, nilitaka kuisemea kirefu, nitaikata. Kongo iko ndani tangu 12 Septemba 2012, kampuni, dhamana, kulipisha madeni, arbitraji, yote ni huko, na kesi zake za mwisho zinaenda Abidjan, si Kinshasa. Akti zile ziko kwa intaneti bule. Somaneni watano watano. Wanaotaka uzuzi, konkuru, mtihani wa kuingia, inapangwa na Konsei Siperiere ya Majistratire na haiitishwi kila mwaka, kwa hiyo weka dosie yako tayari, vyeti vyote, kopi zimethibitishwa, usianze kukimbia kwa komini siku tangazo linatoka. Lugha: Kiingereza. Kasumbalesa iko karibu, malori yanakuja na mikataba ya Kiingereza, na tuko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, yenye korti yake Arusha. Ordinatere, yaani kompyuta, kupiga mwenyewe, vidole vyote. Juu ya memwari sitasema kitu, baprofesa wako hapa.

Swali lako, dada wa nyuma, nimeliona, utaniuliza nje. Mmoja ameandika hapa: "Metre, na sisi wasichana, kwa kabine wanatuombaka vitu vingine." Hili halijibiwi kwa dakika mbili, na sitaki kulijibu haraka-haraka. Enda mbili mbili siku ya kutafuta staji, uliza dada walioko barro kabla hujaingia kabine yoyote, na mtu akikuomba kitu hicho toka siku ileile, usingoje mwisho wa mwezi. Nitarudi juu ya hili tu, naomba fakilte wanipe siku nzima.

Wanaotaka kuanza: wiki ijayo siku ya tatu, Jumatano, saa mbili na nusu asubuhi, niko mbele ya mlango wa TGI. Nitangoja dakika kumi. Njooni na kaye na kalamu, na wale kumi na moja kila mmoja alete mwenzake.