Namna ya kukokotoa ukubwa wa chemba ya mchanga ya majitaka

Karibuni tena. Chemba ya mchanga ni mfereji ambamo mchanga unazama kabla majitaka hayajaingia kwenye mabwawa ya kuyasafishia. Leo kalamu, karatasi na kikokotoo cha simu vinatosha.

Anza na mtiririko. Wengi hukimbilia wastani wa siku, na kwa Mwanza hilo litakuponza. Mvua ikipiga milimani, mchanga wa miamba yetu hii unaporomoka na maji, unaingia kwenye mabomba kupitia chemba zilizoibwa mifuniko, na unafika kwako saa ileile maji yamefika kilele. Basi tumia kilele. Mfano wetu: wastani lita 20 kwa sekunde, kilele lita 60, yaani mita za ujazo 0.06.

Kasi tunayoitaka ni mita 0.3 kwa sekunde, ili mchanga uzame lakini kinyesi kipite. Gawanya 0.06 kwa 0.3: eneo la mkato ni mita za mraba 0.2. Nachagua upana sentimita 50, kina sentimita 40.

Twende kwenye urefu. Punje ya milimita 0.2 huzama takriban sentimita 2 kwa sekunde, hivyo itagusa sakafu baada ya sekunde 20. Muda huo maji yamesogea mita 6. Ongeza nusu yake, maana maji huchafuka yakiingia na yakitoka: mita 9. Jenga mifereji miwili, mmoja ufanye kazi mwingine ukisafishwa. Chini ya kina hicho acha sentimita 20 za kukaa mchanga.

Sasa sikilizeni vizuri. Usiku mtiririko ukishuka na kina kikabaki kilekile, kasi inakufa na kinyesi kinatuama pamoja na mchanga. Dawa yake ni bati la mwisho wa mfereji, tundu lake pana chini, likisonga kwenda juu kwa mkunjo uliokokotolewa. Kwa lita 20 kina kitashuka hadi kama sentimita 13, kasi ibaki 0.3. Bati hili msilikate kwa macho!

Mkishajenga, hakikisheni. Dondosha kijiti juu ya maji: mita 3 kiziende kwa kama sekunde 10. Kisha vaa glavu, chota mchanga wa sakafuni, usuuze kwenye ndoo. Ukiwa mweusi, unateleza na unanuka, maji yanakwenda polepole mno. Rudi kwenye bati. Ukiwa msafi lakini ni mchache, na mchanga unarundikana kwenye mdomo wa bwawa la kwanza, kasi imezidi.