Fremu Haivutiki: Kipimo cha Baiskeli ya Milimani

Shikamooni wazee wangu, nanyi wenzangu, habari za asubuhi. Asanteni kwa kuja.

Naomba nianze na swali. Ni wangapi humu walijifunza baiskeli kwa kupitisha mguu chini ya bomba la juu, kwa sababu baiskeli ya baba ilikuwa ndefu kuliko wao? Naona mikono mingi, na wangu umo. Ilikuwa ile nyeusi, magurudumu inchi 28, fremu inchi 22 au 24, na karia ya kubebea gunia. Kwa kazi yake haikuwa na kosa. Lakini ilitujengea mazoea: ukipata baiskeli, panda, mwili utazoea. Mazoea hayo tumeyabeba hadi kwenye baiskeli za milimani, na huko yanatuumiza.

Mimi yaliniumiza miaka miwili. Nilinunua baiskeli ya mtumba, gia safi, foku nzima, rangi inang'aa. Kwenye bomba la siti palikuwa na kibandiko cha namba 20. Sikujua maana yake. Nilishusha siti, nikaona miguu inafika kwenye pedeli, nikalipa. Nina sentimita 168, na fremu ile ilikuwa ya mtu wa sentimita 180 na kitu. Vidole viwili vya mwisho vya kila mkono vilikuwa vinakufa ganzi baada ya nusu saa, mabega yanawaka, na kwenye njia za vumbi juu ya Lushoto, kila nikishuka kona kali, gurudumu la mbele lilikuwa linateleza kwa sababu nilikuwa nimenyooshwa kama nguo kwenye kamba, siwezi kusogeza mwili. Nilidhani sina kipaji, kumbe sikuwa na kipimo.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo sokoni yanachanganywa kila siku. Ukimuuliza muuzaji, "Hii ni saizi gani?" atakuambia, "Ishirini na sita." Hiyo ni namba ya gurudumu. Gurudumu la inchi 26, 27.5 au 29 halikuambii fremu inamfaa nani. Saizi ya fremu, kwa desturi ya zamani, ni urefu wa bomba la siti: kutoka katikati ya ekseli ya pedeli, yaani ile inayopita chini ya fremu na kushika mikono yote miwili ya pedeli, hadi mwisho wa bomba juu. Ndiyo hizo 16, 18, 20. Siku hizi wengi huandika S, M, L. Kwa makadirio, S ni ya mtu wa sentimita 155 hadi 167, M hadi 177, L hadi 187. Lakini M ya kiwanda hiki inaweza kuwa L ya kiwanda kile, kwa hiyo msiishie kwenye herufi.

Kaka, wewe wa shati la bluu, njoo unisaidie. Vua viatu, egemea ukuta, visigino viguse. Shika kitabu hiki kigumu katikati ya miguu, upande mmoja ukilala ukutani, kipandishe hadi kigote kwenye msamba, kama vile umekalia siti. Sasa tunapima kutoka sakafuni hadi mgongo wa kitabu. Sentimita 80. Zidisha kwa 0.225, unapata 18. Hiyo ndiyo fremu yake kwa inchi, kwa baiskeli za mtindo wa zamani, ambazo ndizo nyingi kwenye mitumba yetu. Zidisha 80 ileile kwa 0.883, unapata karibu 70.6. Hizo ni sentimita kutoka katikati ya ekseli ya pedeli hadi juu ya siti, kwa safari ya tambarare na ya kupanda. Asante kaka, kaa.

Ukiisimamia baiskeli, miguu yote chini, kati ya msamba na bomba la juu ibaki nafasi ya sentimita 5 au zaidi. Hili si la kuonea haya. Njiani unaweza kulazimika kuruka chini ghafla mahali ambapo ardhi imebonyea. Vijana wa Marin County, California, walioanzisha mchezo huu miaka ya 1970 kwa kushindana kushuka milima, walitumia baiskeli nzito za zamani zenye matairi manene, na walishusha siti ili mwili upate nafasi ya kucheza. Mmoja wao, Joe Breeze, alipotengeneza fremu yake maalumu kwa kazi hiyo mwaka 1977, baiskeli ya milimani ilianza kwenda njia yake.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo hasa limenileta. Tunapima kwenda juu, lakini kinachotuumiza zaidi ni kwenda mbele. Siti inapanda na kushuka kwa spana moja. Fremu haivutiki wala haifupishwi. Ndiyo maana ile namba 20 ilinidanganya: miguu ilifika, mikono ikateseka.

Urefu wa kwenda mbele mnaweza kuupima wenyewe uani. Weka baiskeli mahali tambarare, gurudumu la nyuma liguse ukuta, mwenzio aishike wima. Pima mlalo kutoka ukutani hadi katikati ya ekseli ya pedeli. Kisha pima kutoka ukutani hadi katikati ya mdomo wa juu wa bomba la mbele, lile linalopitisha shingo ya foku. Toa ya kwanza kwenye ya pili. Fremu nyingi za M za miaka hii zina sentimita 43 hadi 46 hapo. Za miaka ya 1990 zilikuwa fupi zaidi, ndiyo maana zilifungwa stemu ndefu, yaani kile kipande kinachoshika usukani, ya sentimita 10 na zaidi. Za sasa zina stemu ya sentimita 4 au 5 tu. Kwa hiyo fremu ikikuzidi kidogo, badilisha stemu, weka fupi. Ikikuzidi sana, iache, hata kama bei ni nzuri. Na msisogeze siti mbele ili kuufikia usukani: mtakuwa mmeponya mkono na kuvunja goti, kwa sababu siti inapangwa kwa ajili ya mguu.

Sikilizeni mwili. Goti likiuma mbele, mara nyingi siti iko chini mno. Likiuma nyuma, au nyonga zikiyumba huku na huku, iko juu mno. Ukipandisha siti, usivuke alama ya mwisho iliyochorwa kwenye paipu yake.

Aliye katikati ya saizi mbili anyooshe mikono kama msalaba, apimwe kidole hadi kidole. Ikizidi urefu wake, achukue kubwa. Ikipungua, ndogo. Mpenda kushuka na kona kali, mimi namshauri ndogo hata hivyo.

Nimeona mkono pale nyuma. Ndiyo, dada. Anauliza: mwanawe ana miaka 12, amnunulie kubwa akue nayo? Hapana, dada yangu. Nakuomba usifanye hivyo. Mtoto asiyefikisha vidole kwenye breki hana breki. Mnunulie ambayo leo anaisimamia nyayo zote chini, vidole vinafika, na siti ikiwa chini ina nafasi ya kupandishwa. Nafasi hiyo ndiyo atakayokua nayo. Ikimbana, mdogo wake atairithi.

Na baiskeli zilizoegeshwa nje nimeziona. Ile nyekundu paipu ya siti imevuka alama. Mwenyewe tuonane kabla hujaipanda. Wengine njooni nazo chini ya mwembe, futi kamba ninayo, kitabu ninacho, na spana namba 5 ipo mfukoni.