Mawazo Yanayokesha

Ndugu wasikilizaji, mtu akikwambia kwa Kiswahili kwamba ana mawazo, huna haja ya kumuuliza ni mawazo gani, kwani unaelewa papo hapo kwamba halali vizuri, chakula hakipiti kooni, na kuna jambo linalomzunguka kichwani usiku kucha. Washona wa Zimbabwe huliita hilo kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Katika lugha yao kufunga ni kufikiri, ingawa sikio la Mswahili husikia mlango uliofungwa, na kwangu taswira hiyo inafaa sana.

Mwaka 2006, katika kitongoji cha Mbare jijini Harare, ambako wataalamu wa afya ya akili walikuwa haba mno, daktari Dixon Chibanda aliwageukia bibi 14 waliokuwa wahudumu wa afya katika jamii yao. Walifundishwa, wakawa wanapokea wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Hatua ya kwanza huitwa kuvhura pfungwa, kufungua mawazo: mgonjwa huyamwaga yote, karo, kodi ya nyumba, ugonjwa, ndoa, na bibi husikiliza bila haraka ya kutoa nasaha. Kisha humwomba achague tatizo moja tu la kuanza nalo, na kwa pamoja hupanga hatua inayowezekana kabla ya kukutana tena. Mpango huo ulipopimwa kwa watu 573 katika kliniki 24, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba baada ya miezi sita waliopitia benchini walikuwa na dalili chache zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Naamini siri iko katika lile swali la kuchagua. Kufikiri huishia kwenye uamuzi. Kuwaza sana hugusa karo, na kabla karo haijapata jibu hurukia kodi, kisha hurudi kwenye karo ileile, ndiyo maana mtu huamka amechoka na hajaamua lolote. Nasikitika kila ninaposikia mwenye shida akiambiwa "usiwaze". Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwataka watu wasimfikirie dubu mweupe, na wapige kengele kila atakapowajia akilini; kengele ziliendelea kulia. Wazo linalofukuzwa hurudi, lakini lililopewa saa yake huweza kungoja.

Kwa hiyo yapeni mawazo miadi: nusu saa ileile kila jioni, mahali palepale, mbali na kitanda, mkiwa na daftari la kuyaandika na kuchagua moja la kuanza nalo. Na ikiwa majuma yamepita usingizi haupatikani, au mtu anatamani kufa, hapo daftari halitoshi. Apelekwe hospitali bila kuchelewa na bila aibu.

Mimi nilianza miadi hiyo katika kipindi ambacho nilikuwa nikiamka saa tisa usiku na kuhesabu madeni gizani mpaka adhana ya alfajiri. Daftari langu la kwanza, lenye doa la chai kwenye jalada, bado ninalo. Ukurasa wa mwanzo una madeni saba, sita yamekatwa kwa mstari mmoja mmoja mwepesi kuonyesha kwamba yangengoja, na chini ya lile la saba nimeandika: "Karo ya muhula wa pili. Kesho saa nne nimwone mhasibu wa shule, niombe kulipa kwa awamu mbili."