Chokoleti ya mnanaa kwenye joto la Tabata

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu mambo? Leo hamwoni theluji dirishani. Hizo kelele ni za bajaji. Niko Tabata, jikoni kwa mama, saa kumi na moja alfajiri, na usingizi wangu bado uko Minneapolis.

Mwaka jana niliwaonyesha chokoleti ya mnanaa ya Krismasi, mkanijia juu: "Dada, yetu imekuwa uji!" Kosa langu. Nilisema iacheni mezani igande. Meza ipi? Siagi ya kakao inayeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, ndiyo maana chokoleti hulegea mdomoni. Dar mchana wa Desemba ni 31, 32. Hapo itagandaje?

Tena juzi mwenyewe niliumbuka. Nilifunika bakuli, mvuke ukajikusanya kwenye mfuniko, matone mawili yakaingia. Basi! Chokoleti ikashikana kama udongo wa kufinyangia vyungu. Mama akachungulia: "Ndiyo mapishi ya huko hayo?" Ikitokea kwako usitupe. Mimi nilimiminia maziwa ya moto, nikakoroga, watoto wakanywa na vitumbua na hakuna aliyelalamika.

Haya, twende. Gramu 400 za chokoleti nyeusi. Soma paketi, iwe na siagi ya kakao. Zile zenye mafuta mengine ya mimea zinaganda bila usumbufu, lakini zinakwama kwenye kaakaa kama mshumaa. Na hapa naumia kidogo: kakao inalimwa kwetu Kyela, inapanda meli, halafu mimi natoka Marekani na chokoleti kwenye begi.

Theluthi mbili nimeziweka kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto. Maji yasiguse bakuli, na gesi nimeshazima. Kipimajoto kikisoma 45, toa, futa chini ya bakuli pakauke kabisa, tia theluthi iliyobaki, koroga taratibu mpaka ishuke 31 au 32. Usiruke hatua hii! Ukiiruka, itaganda ikiwa na mabakamabaka meupe na haitalia "ka!" ukiivunja. Kule kwangu bakuli linapoa haraka, nalirudisha jikoni mara tatu. Huku alfajiri linapoa kwa adabu. Ukifanya saa nane mchana utakoroga mpaka mkono ufe ganzi.

Mtaniuliza ile ya tabaka jeupe juu. Nimeiacha. Chokoleti nyeupe inataka nyuzi 28, 29. Bila kiyoyozi utaisubiri hadi Pasaka.

Sasa mnanaa. Mafuta ya mnanaa ya kula, matone manne tu, jamani, ni makali. Siyo yale ya kuchua kifua! Na yule aliyeuliza kuhusu majani mabichi ya sokoni: yana maji, yatakuletea balaa la juzi. Yatie kwenye chai.

Pipi nimekuja nazo, zile nyekundu na nyeupe zenye umbo la bakora, lakini pipi za mnanaa za dukani kwa Mangi zinatosha. Zifunge kwenye kitambaa safi, zigonge kwa mchi. Kinu cha mama nimekikwepa, kina harufu ya vitunguu saumu tangu nizaliwe. Unga wake chekecha uutoe, baki na vipande. Pipi inavuta unyevu, na Dar unyevu haupimiwi kwa kijiko, kwa hiyo gonga dakika ya mwisho.

Mimina kwenye trei yenye karatasi ya kuokea, sambaza, nyunyiza pipi chokoleti ingali mbichi. Friji dakika 15. Hapo mwombe Mungu umeme usikatike.

(…)

Haya, imetoka. Sikilizeni… ka! Mmesikia? Vunja kwa mkono, vipande visilingane, ndiyo raha yake. Weka kwenye kopo linalobana, rudisha friji. Ukilitoa, usilifungue mpaka lizoee joto la nje, la sivyo chokoleti itatoka jasho.

Mama, njoo uonje. Onja kwanza ndipo useme.

"Mbona kama dawa ya meno?"

Jamani! Ila kachukua kipande cha pili, kamera imeona. Kopo hili nalificha nyuma ya mfuko wa mchele wa pilau, Krismasi bado siku nne… We, nani kafungua friji?