Siti ya Pikipiki Inakuumiza? Pima Kwanza Kabla Hujanunua Nyingine

Hamjambo ndugu zangu waendeshaji, karibuni tena. Niko Tororo, mashariki mwa Uganda, Mwamba wa Tororo mnauona pale nyuma yangu, na hii ndiyo pikipiki yangu ya kazi, Boxer. Kila wiki mtu ananiuliza stejini, pale tunaposubiria abiria: "Kaka, nibadilishe siti au nivumilie hii iliyokuja na pikipiki?" Swali hili nalichukulia kwa uzito, maana sisi kiuno ndicho kinachotulisha. Ukiharibu kiuno, pikipiki nzima haikusaidii kitu. Basi leo twende hatua kwa hatua, na mwisho utaamua mwenyewe.

Hatua ya kwanza: jua unaumia wapi, na baada ya muda gani. Usiseme tu "siti mbaya". Chukua safari moja ndefu unayoijua. Mimi natumia ya Tororo hadi Mbale, kilomita 45 hivi. Angalia saa unapoondoka. Maumivu yakianza, angalia saa tena, na ukifika andika kwenye simu yako: dakika ngapi, na sehemu gani ya mwili.

Kama yanayouma ni makalio, ile mifupa miwili unayoisikia ukikaa kwenye benchi la mbao, basi siti inahusika moja kwa moja. Ikiwa ni ganzi, huku mbele katikati ya mapaja, siti imeinama na inakuteremsha kuelekea tangi. Ganzi hiyo usiizoee, ndugu yangu. Ni dalili kwamba mishipa inabanwa. Simama upumzike, na ikiendelea hata baada ya kushuka, nenda ukaonane na daktari. Mikono na mabega yakichoka mapema, mara nyingi ni jambo lile lile: unateleza mbele, halafu unajisukuma nyuma kwa mikono safari nzima bila kujua.

Lakini kama ni kiuno na mgongo, na unausikia zaidi unapopita matuta na mashimo, subiri kwanza. Usipeleke pesa dukani.

Hatua ya pili: kagua shokapu na matairi. Mdogo wangu, leta kamera hapa chini. Hii pete mnaiona? Ndiyo ya kukaza na kulegeza springi ya shokapu ya nyuma. Wengi wetu tuliikaza hadi mwisho siku tuliyobeba gunia za mkaa, na hatukuirudisha tena. Sasa unambeba abiria mmoja mwembamba na pikipiki inakurusha kama umepanda punda. Irudishe chini, na hakikisha kulia na kushoto ziko kwenye pengo moja. Kisha bonyeza mkia wa pikipiki kwa uzito wako wote, uachie. Ikiruka-ruka mara tatu nne, shokapu imekufa. Pitisha kidole kwenye fimbo yake: ukikuta oili, sili imechoka. Upepo wa matairi pima kwa geji, kufuata kitabu cha pikipiki, usipime kwa kupiga teke. Ukimaliza haya, rudia ile safari. Nimeona watu waliopona hapa hapa, na siti yao ni ile ile ya zamani.

Bado unaumia? Haya, sasa tuiangalie siti yenyewe.

Hatua ya tatu: kidole gumba. Bonyeza pale unapokaa wewe, kwa nguvu, kama unayebonyeza embe. Sponji nzima inakusukuma nyuma. Sponji iliyokufa inazama, na unaligusa bamba la chini. Yangu hii... tazameni, kidole kinafika kwenye bamba kabisa. Sasa nenda pale anapokaa abiria, bonyeza. Bado ni ngumu, kwa sababu abiria anakuja na kuondoka, lakini mimi niko juu yake tangu alfajiri.

Nimelegeza bolti, nimeivua. Naigeuza juu chini, nang'oa pini za pembeni kwa bisibisi bapa, polepole, ili leza, yaani ngozi ya juu ya siti, isichanike. Oneni pini zilivyoshika kutu. Na sponji hii, ikamueni muone: maji. Mvua ya mwisho ilinyesha juzi! Yameingilia wapi? Kwenye huu mshono uliopita katikati ya kikalio. Kila ukikaa, unaufungua kidogo. Sponji ikikaa na maji muda mrefu inaoza, inakuwa ya njano na kumeguka kama mkate wa jana. Kwa hiyo kumbuka jambo hili utakapokwenda kwa fundi: mshono usipite pale unapokaa.

Hatua ya nne ndiyo itakayokuokoa pesa, nisikilizeni vizuri. Jaribu badiliko kabla hujalinunua. Kunja taulo, liweke sehemu ya mbele ya siti ili kuinyanyua kidogo, usawazishe ule mwinamo. Lifunge kwa mpira wa tyubu lisiteleze, uendeshe mtaani taratibu. Kama ganzi imepungua na mikono imepumzika, tatizo lako ni umbo la siti. Siku ya pili toa taulo, chukua tyubu kuukuu ya baiskeli, ikunje, ijaze upepo kidogo sana, uikalie, nayo uifunge vizuri. Kama mifupa ya makalio imepata nafuu, tatizo lako ni sponji.

Na kuna kipimo kingine cha nyumbani. Weka kipande cha boksi gumu juu ya benchi, kaa dakika chache huku magoti yameinuka kidogo, kisha simama. Utaona mabonde mawili. Pima umbali kati yake, halafu pima upana wa siti pale unapokaa. Mabonde yote mawili lazima yaangukie juu ya siti, na nafasi ibaki pembeni. Siti ya Boxer huku nyuma ni pana ya kutosha, lakini ukiteleza hadi kwenye shingo nyembamba karibu na tangi, mifupa inakaa ukingoni. Ndiyo maana mtu anaweza kununua sponji nzuri kabisa na bado akaumia: hakuurekebisha mwinamo.

Sasa, kununua. Hapa nina kidonda changu. Mwaka juzi nilinunua siti iliyotengenezwa tayari, kwenye duka moja Kampala. Niliikalia pale dukani, laini kama godoro la bibi harusi. Niliipenda. Wiki ya tatu nilikuwa nagusa bamba. Na kabla ya hapo, kwa kuwa ilikuwa nene, ilinipandisha juu, mguu ukawa unafika chini kwa vidole tu. Nikiwa na mama mmoja nyuma na kikapu chake cha nyanya, nilisimama penye changarawe, mguu ukateleza, pikipiki ikalala. Mama hakuumia, namshukuru Mungu, lakini nyanya zilikwisha, na uso wake siku ile siwezi kuusahau. Nilimlipa nyanya zake. Tangu hapo siti ya mtu yeyote siipimi kwa ulaini wa dakika moja.

Ulaini unadanganya. Sponji ya godoro jepesi inazama upesi, na ikishazama uzito wako wote unarudi kwenye mifupa miwili. Unachotaka ni sponji nzito, ngumu kiasi chini, na tabaka jembamba laini juu. Siku za kwanza utaiona ngumu. Ipe muda, uipime kwenye saa ya pili ya safari.

Mwambie fundi wa viti hivi: "Ssebo (yaani bwana), punguza mwinamo wa mbele, tandaza pale nyuma, lakini shingo iache nyembamba." Shingo nyembamba ndiyo inayoruhusu miguu ishuke wima hadi chini. Fundi wangu hukata sponji kwa wembe wa msumeno wa chuma, anasugua kwa msasa, ananikalisha, ananishusha, anasugua tena. Mara nne au tano. Fundi anayekukalisha mara nyingi hivyo, usimwache. Anayesema "lete, uje kesho" bila kukupima, mwulize zaidi. Pini zake pia ziwe fupi, zishike bamba bila kulitoboa.

Siti zilizotengenezwa tayari sizikatai. Ukiipata inayolingana na modeli yako, ikaingia kwenye ndoano ya mbele bila kulazimishwa na bolti zikakaa penyewe, na ukaruhusiwa kuijaribu barabarani, nunua. Zile za jeli zinasambaza uzito vizuri, ila nyeusi ikikaa juani stejini saa saba mchana, inashika joto na hailiachi upesi. Ifunike na kitambaa. Kava za neti zinapitisha hewa na kupunguza jasho, lakini sponji iliyokufa haziifufui.

Kabla ya kulipa, fanya mambo manne pale pale. Vaa viatu unavyovaa kazini, kaa, uone nyayo zinakanyaga vipi. Mkalishe mtu nyuma, kwa sababu siti yenye ngazi katikati inapunguza nafasi yake, na sisi tunaobeba akina mama wanaokaa upande tunahitaji sehemu iliyo bapa. Kama unabeba pia matoke na magunia, jaribu na kamba zako, uone zinashika wapi. Halafu itikise siti kwa mikono miwili. Isicheze hata kidogo.

Ukiwa unaendesha dakika 20 tu hadi sokoni na kurudi, kusema kweli, rekebisha shokapu, badilisha sponji ukikuta imekufa, na pesa nyingine peleka kwenye matairi. Lakini kama uko juu ya pikipiki kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi giza, siti nzuri ni kifaa cha kazi kama breki.

Yangu ndiyo hii, imetoka kwa fundi mchana huu. Mwinamo umekwisha, mshono umehamia pembeni, mguu wangu wote unakanyaga chini, mnaona? Zamani maumivu yalikuwa yakianza dakika ya 25. Kesho alfajiri nina mzigo wa Mbale, na saa ya kuondoka nimeshaiandika.