Maji Yanayobaki Ndani: Kusafisha Rejeta ya Gari la Zamani

ZUHURA: Karibuni tena kipindini. Leo ni rejeta, au tuseme mfumo mzima wa kupozea injini kwenye gari lililokula chumvi. Na kaka Seif kaja studio na chupa ya jemu. Wasikilizaji hawaioni, kwa hiyo niwaambie: juu kuna maji ya kahawia, chini kuna tope limetulia. Nikiitikisa hivi, yote yanakuwa mekundu.

SEIF: Kutu hiyo, dada. Ni chuma cha bloku, yaani mwili wa injini, kinachokuja kidogo kidogo. Watu wanadhani kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ya kupozea injini, ikizeeka inaacha kupoza. Sivyo. Ile glaikoli yenyewe, kimiminika chake kikuu, inadumu. Kinachoisha ni dawa za kuzuia kutu zilizochanganywa humo. Zikishaisha, chuma kinaliwa, aluminiamu inaliwa, na rejeta inaanza kuziba vijibomba vyake.

ZUHURA: Inaisha baada ya muda gani?

SEIF: Zile za kizamani zenye silikati, kama miaka 2 hivi. Za asidi za kikaboni zinafika 5. Ila ukiona rangi hiyo uliyoishika mkononi, usihesabu miaka. Mwaga.

ZUHURA: Hebu tumalize na la rangi. Mtu anaingia dukani anaomba "ya kijani".

SEIF: Rangi ni urembo, kila kiwanda kinatia inayoitaka. Kinachokuongoza ni kitabu cha gari na maandishi ya kwenye kopo. Gari lenye rejeta ya shaba iliyolehemiwa kwa risasi lilitengenezwa enzi za kulanti za kizamani, na mimi nalirudishia hiyo hiyo. Na usichanganye aina mbili, nyingine zikikutana zinakuwa nzito kama jeli.

ZUHURA: Haya, tunamwaga.

SEIF: Subiri injini ipoe. Ipoe kweli, mpaka uweze kuishika rejeta kwa kiganja. Mfuniko ule unabana presha, mara nyingi karibu baa 1, ndiyo maana maji yanapita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukiufungua wakati wa moto, presha inatoka na maji yanachemka yote kwa mpigo, yanakuja usoni. Hapo sina mzaha.

ZUHURA: Imepoa. Nafungua koki ya chini ya rejeta, nakinga beseni.

SEIF: Na hita uiweke kwenye moto kabisa, maana kwenye magari mengi ya zamani ukiifunga, maji machafu yanabaki kwenye rejeta ndogo ya hita. Sasa, beseni limejaa, koki imeacha kutiririka. Umetoa maji yote?

ZUHURA: Kwa jinsi unavyouliza, bado.

SEIF: Bado sana. Bloku nayo imeshika yake. Injini nyingi zina boliti ya kutolea maji ubavuni mwa bloku. Ikikubali kufunguka, vizuri. Ikigoma kwa kutu, usiilazimishe, itakatikia ndani. Toa themostati, ile vali inayofunguka kwa joto, funga nyumba yake tena, kisha ingiza mpira wa bustani na usukume maji kinyume cha njia yake ya kawaida. Tope lililokwama linaachia upande lilikoingilia. Presha iwe ya upole, rejeta kuukuu ina maungio dhaifu. Na maji ya baridi kwenye bloku ya moto yanaweza kuipasua, ndiyo sababu nyingine ya kusubiri.

ZUHURA: Mpaka yatoke meupe.

SEIF: Mpaka yatoke meupe. Ule ukoko mgumu kama wa ndani ya birika hautoki kwa maji matupu. Huo unahitaji dawa ya kusafishia, kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, halafu suuza, suuza tena. Ila nikuonye: kwenye gari la zamani, wakati mwingine kutu ndiyo iliyokuwa imeziba tundu. Ukisafisha, linavuja. Dawa haijaleta tundu, imelifunua tu.

ZUHURA: Kisha tunajaza nusu kwa nusu?

SEIF: Hapa ndipo wengi wanapopotea, na mimi ndilo nililolijia leo. Chukua mfumo wa lita 8. Umemwaga, zimetoka 5. Zile 3 zilizobaki kwenye bloku ni maji matupu ya kusuuzia. Ukichanganya nusu kwa nusu pembeni, ukatia lita 5 za mchanganyiko, humo una kulanti lita 2 na nusu. Gawa kwa 8.

ZUHURA: Asilimia 31 hivi. Si 50.

SEIF: Umeona! Kwa hiyo tia kwanza lita 4 za kulanti isiyochanganywa, ndipo umalizie kwa maji. Na kwa kuwa yale 3 yanabaki humo, suuzo la mwisho liwe la maji yasiyo na chumvi, yale ya kuongezea betri. Usichukue yale makali ya asidi, jamani!

ZUHURA: Kwa nini nisitie kulanti tupu?

SEIF: Kwa sababu glaikoli tupu inabeba joto vibaya kuliko maji. Nusu kwa nusu inazuia kuganda hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri, inachelewa kuchemka, na dawa ya kutu inatosha.

ZUHURA: Hewa je?

SEIF: Rudisha themostati, na kama ina kitundu cha hewa, kikae juu. Tia polepole, huku ukiminyaminya mpira wa juu. Kama kuna skrubu ya kutolea hewa, ifungue mpaka yatoke maji bila povu. Washa injini mfuniko ukiwa wazi. Kwenye nyuzi 82 hadi 88 hivi themostati nyingi zinafunguka: mpira wa juu unapata moto ghafla, na maji kwenye rejeta yanashuka. Ongeza, funga.

ZUHURA: Na yale ya kwenye beseni?

SEIF: Funika mara moja. Ni sumu yenye ladha tamu, paka, mbwa na watoto wanainywa. Usimwage mtaroni, peleka wanakopokea taka za gereji.

ZUHURA: Kesho yake?

SEIF: Angalia kiwango injini ikiwa baridi, na utazame mipira. Ukikuta imenywea, vali ndogo ya kwenye mfuniko imekufa, nunua mfuniko mpya. Kiwango kikishuka siku baada ya siku na chini ya gari ni kukavu, fungua mfuniko wa mafuta ya injini. Ukiona utando wa rangi ya maziwa, shuku gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya bloku na kichwa cha injini.

ZUHURA: Hiyo inataka kipindi chake.

SEIF: Na spana zake.