Shaba ya Zamani Usiitupe

Assalamu alaykum, na hamjambo nyote. Nawashukuru walioandaa kikao hiki hapa Malindi, na zaidi nawashukuru madereva wa bodaboda mlioacha abiria stendi saa za kazi mkaja kunisikiliza. Nimepewa saa moja. Mada ni jinsi mtu anayeanza anavyoweza kufungua kabureta za pikipiki kuukuu, kuzisafisha na kuzirudisha. Kabureta ni nini sitaeleza, zaidi ya kwamba ndiyo inayochanganya petroli na hewa kwa ajili ya injini. Hakuna hapa ambaye hajawahi kusimama njiani pikipiki ikikohoa, akaligonga bakuli la petroli la chini ya kabureta kwa mpini wa bisibisi, ikawaka, akaenda zake.

Nitaanza na jambo nililolisema gereji na barazani mpaka wengine wakiniona wanalitaja kabla sijafungua mdomo. Shaba iliyotoka kiwandani na pikipiki yako, yaani vile vipande vidogo vya shaba vya ndani ya kabureta, usiitupe.

Kuna kijana, jirani yangu, alirithi Honda CB200 ya babu yake. Silinda mbili, ukubwa wa injini cc 198, kila silinda na kabureta yake. Ilikuwa imelazwa chumba cha uani huko Mambrui miaka na miaka, chini ya magunia. Petroli iliyobaki ndani ya mabakuli ilikuwa imekauka ikawa ulimbo, rangi ya asali, na harufu yake kama vanishi ya mlango. Kijana ana bidii na mikono mizuri. Akanunua ripea kiti mbili, zile pakiti zenye gasketi, oringi, sindano na jeti, vile vipande vyenye tundu la kupitishia petroli, za shaba mpya zinazong'aa kama dhahabu ya harusi. Akatoa kila kitu cha zamani, akaweka kila kitu kipya. Vya zamani akavitia kwenye kopo la maziwa, na kopo likaenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, maana shaba kwa kilo ina bei kuliko chuma.

Akapiga kiki, ikawaka. Na hapo ndipo watu wanapodanganyika, kwa sababu kabureta mbovu nayo huwasha injini. Kuwaka si dalili ya kupona. Siku ya tatu akaniletea. Moshi mweusi, ikisimama kwenye makutano inazima, na mafuta inakunywa kama ng'ombe aliyefika mtoni Sabaki wakati wa kiangazi. Nikafungua jeti, nikaisoma namba ya ukubwa wa tundu lake. Akaniambia, "Ami, namba ni ile ile ya kwenye kitabu." Kweli, ilikuwa ile ile. Lakini namba hupigwa kwa nyundo juu ya shaba, na petroli haisomi namba. Petroli inapita kwenye tundu.

Tukaenda kwa yule mnunuzi wa vyuma. Ana ndoo nzima ya shaba: vichwa vya mabomba, makufuli, vali za mitungi. Tulikaa chini ya mkanju tukipekua kwa saa mbili. Za kabureta ya kushoto zilikuwa zimeshatawanyika, hatukuziona. Za kulia tulizipata, kwa sababu jeti kubwa na lile bomba dogo lenye vitundu ubavuni vilikuwa vimeshikana kwa ulimbo vikabaki kitu kimoja, na sindano imenasa humo humo. Tukavirudisha nyumbani, tukaviloweka, tukavipuliza, tukavifunga upande wa kulia. Kushoto tukaacha vile vipya vya pakiti. Nikamwambia, panda mpaka daraja la Sabaki, rudi, usizime njiani.

Aliporudi tukatoa plagi zote mbili tukaziweka juu ya gazeti. Ya kulia ncha yake ilikuwa kahawia hafifu, kama ganda la karanga. Ya kushoto nyeusi tititi, masizi unayafuta kwa kidole kama ya chini ya sufuria la kuni. Injini moja, tangi moja, dereva mmoja, barabara moja. Kilichotofautiana ni vipande vitatu vya shaba visivyojaza kiganja cha mtoto. Tukayaweka mabomba mawili sambamba juani: la zamani lina vitundu vinne kila upande, jipya lina viwili. Sindano mpya ncha yake nyembamba zaidi, haizibi tundu la jeti kama ile ya zamani, petroli inapita kwa wingi. Mwenye macho haambiwi tazama.

Sasa namwona bwana mmoja pale nyuma anatikisa kichwa. Najua unachotaka kusema: "Yaani kipya hakina faida?" Sikusema hivyo. Mpira hufa. Oringi, gasketi, mipira ya kuunganisha kabureta na injini, hivyo vyote hukauka na kupasuka, na hapo ripea kiti inakufaa sana. Badilisha mpira, shaba uioshe. Na shaba nayo siyo ya milele. Sindano iliyosuguana na jeti yake maelfu ya kilomita utaiona ina mtaro ukiizungusha kwenye mwanga. Hiyo badilisha, lakini nunua ile ya kiwanda kilichotengeneza kabureta, na ile ya zamani ikae koponi hadi uhakikishe mpya inafanya kazi. Ninachokataa ni ile pupa ya kufungua, kutupa na kung'arisha kabla hujajua ni nini kilichoharibika.

Na la waya. Hili linanikera, nitalisema bila kupindisha. Mafundi wetu wengi jeti ikiziba huchomoa uzi mmoja wa waya wa breki wakazibua. Utasikia, "Ndivyo tulivyofundishwa." Haya, tupige hesabu. Uzi wa waya wa breki ni chuma, jeti ni shaba, na chuma hukwangua shaba. Jeti ndogo, ile inayolisha injini ikiwa imetulia hujavuta mafuta, tundu lake mara nyingi ni chini ya nusu milimita. Tuseme ni milimita 0.38. Ukiikwangua ikawa 0.42, umeongeza sehemu nne za mia za milimita, hata unywele wako ni mnene kuliko hizo. Lakini eneo la tundu haliongezeki kwa kipimo hicho, linaongezeka kwa kipenyo mara kipenyo. Umeongeza zaidi ya asilimia 20. Dereva atakuja wiki ijayo akulalamikie mafuta yanakwisha, nawe utamwambia ni bei ya petroli imepanda.

Tumia dawa ya kusafishia kabureta na pampu ya upepo. Tundu likikataa kabisa, liloweke usiku mzima, kesho upulize tena. Ukilazimika kuingiza kitu, ingiza unyoya mmoja wa brashi ya plastiki. Na kila njia iliyochimbwa ndani ya kabureta ina pa kuingilia na pa kutokea: nyunyiza hapa, tazama inatokea wapi. Isipotokea, kazi haijaisha, hata kama nje inameta. Kuna wanaochemsha mwili wa kabureta kwa maji ya ndimu ili uwe mweupe. Unakuwa mweupe, naam, huku asidi inakula alumini na kingo zinazotakiwa kushikana. Ndimu iacheni kwenye samaki.

Mtaniuliza mbona jeti za hapa kwetu huziba upesi hivi. Fikirini hewa. Ili petroli iungue sawasawa, gramu 1 inahitaji karibu gramu 14.7 za hewa. Kwa ujazo, lita 1 ya petroli inaondoka na kama lita 9,000 za hewa. Zote hizo zinapita kwenye koo moja jembamba, na hewa yenyewe ni hii ya Malindi, yenye chumvi, inayokula mabati ya nyumba zenu. Anayepeleka abiria Gongoni kwenye mashamba ya chumvi anaijua zaidi. Fungua bakuli la pikipiki iliyolala msimu mmoja wa kusi, utakuta unga mweupe kwenye alumini, ukoga wa kijani kwenye shaba, na tone la maji limetulia chini kabisa, kwa sababu maji ni mazito kuliko petroli. Tone hilo likifika mdomoni mwa jeti, pikipiki inazima. Kwa hiyo pikipiki ikienda kulala, funga koki ya mafuta, fungua skrubu ya chini ya bakuli, mwaga yote. Dakika mbili tu. Kijana wa Mambrui angekuta kabureta kavu na safi kama babu yake angefanya hivyo, Mungu amrehemu.

Hewa hiyo hiyo ndiyo sababu ya kisa kingine. Mtu ananunua pikipiki kuukuu Nairobi, anashuka nayo huku. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa nyepesi, na fundi wa kule huenda alimwekea jeti yenye tundu dogo zaidi ili isile mafuta. Hapa kwetu hewa ni nzito, mafuta yanakuwa machache kwa hewa hiyo, injini inapata joto kupita kiasi na plagi inageuka nyeupe kama chokaa. Ukiona hivyo usikimbilie pistoni, uliza kwanza pikipiki ilikuwa ikiishi wapi.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na mengi ya floti, lile boya linaloelea ndani ya bakuli, nitayapitia haraka. Kimo cha floti ndicho kinachoamua petroli isimame wapi ndani ya bakuli, kwa hiyo kipime kwa rula kama kitabu cha pikipiki kinavyosema, usikisie. Huna kitabu, chomeka mpira mwangavu kwenye tundu la kumwagia, uupandishe ubavuni mwa kabureta, fungua skrubu ya kumwagia, nawe utaona kwa macho petroli imesimama wapi. Kwenye kabureta mbili, zisimame sawa.

Skrubu ya hewa, ile ya kurekebisha hewa injini ikiwa imetulia, kabla hujaitoa, izungushe iingie polepole ukihesabu, mpaka iguse. Iguse tu, ukiikaza ncha itaacha alama na hutaweza kuirekebisha tena. Andika: mzunguko mmoja na nusu, mmoja na robo, vyovyote itakavyokuwa. Andika kwenye karatasi, si kichwani, na andika ya kushoto na ya kulia mbali mbali. Vifaa vya kabureta mbili visichanganyike, kila moja na sahani yake. Ukizirudisha, ingiza kipande cha keekee chembamba chini ya kila slaidi, kile kifuniko kinachopanda ukivuta mafuta, urekebishe nyaya za mafuta hadi zote mbili zikibane kwa kiasi kile kile, ndipo uwashe. Kuzisawazisha kwa geji za kupima mvuto wa hewa ni somo la siku nyingine, leo siliwezi.

Skrubu za kichwa cha msalaba za pikipiki za Kijapani, nyingi zina kidoti kimoja kichwani, zinataka bisibisi ya Kijapani. Hii ya kawaida inateleza na kuchonga kichwa, kisha mnaanza kutumia patasi. Na petroli na jiko la mkaa havikai uani pamoja. Mama akiwa anakaanga viazi, ahirisha.

Mmoja ameniuliza nilipokuwa naingia, kwa nini kujifunza kabureta ilhali pikipiki mpya zinakuja na injekta, inayopuliza petroli bila kabureta. Yakhe, toka nje uhesabu zilizopaki hapo mlangoni. Hizo ndizo zinazowalisha watu leo, na nyingi bado zina kabureta.

Nimekuja na moja, ndiyo ile ya kushoto ya CB200. Kijana amenipa ruhusa. Jeti zake za kweli tulizipata mwezi uliopita kutoka kwa mtu aliyevunja pikipiki kama hiyo, na ziko kwenye kopo hili. Mwenye tochi aje nayo, na wewe binti uliyekaa mbele shika sahani. Tunaanza na skrubu ya hewa. Hesabu kwa sauti.